Supamaketi kubwa katikati ya Kisumu: dhana potofu na ukweli

Kila supamaketi mpya inapotajwa Kisumu, swali la kwanza huwa ni lile lile: magari yataegeshwa wapi? Nimelisikia kwenye vikao vya mtaa na nimelisikia ndani ya matatu, likiulizwa na watu ambao wenyewe hawana gari. Swali hilo linaniuma, kwa sababu ndilo linalosukuma maduka makubwa kwenda pembezoni, kando ya barabara kuu, mahali ambapo mtu wa miguu hafiki kwa raha.

Dhana: Duka kubwa lisilo na uwanja wa magari halipati wateja

Simama Jumamosi jioni nje ya duka kubwa lolote kwenye barabara ya Oginga Odinga, uwatazame wanaotoka. Wengi wana mifuko mkononi na wanaelekea steji, au wanaita tuktuk. Kenya familia nyingi hazina gari. Wateja wa supamaketi zetu ni watu wa matatu, wa boda na wa miguu, na imekuwa hivyo tangu supamaketi zilipofika mjini.

Uwanja mkubwa wa lami ni desturi tuliyoiazima Marekani, ambako miji mingi iliwadai wajenzi nafasi 4 au 5 za gari kwa kila futi za mraba 1,000 za duka. Gari moja, pamoja na njia ya kuingilia na kugeukia, hutaka takriban futi za mraba 300. Piga hesabu: nafasi 5 ni futi 1,500, yaani uwanja unalizidi duka lenyewe kwa nusu nzima. Mama aliyeshuka matatu barabarani huvuka lami hiyo yote juani, mtoto mgongoni, ndipo aufikie mlango.

Hata Wamarekani wenyewe wamefunzwa na gharama. Mwaka 2008, Washington ilifungua jengo la maduka la DC USA mtaani Columbia Heights, karibu kabisa na kituo cha treni ya chini ya ardhi, likiwa na duka kubwa la Target ndani yake. Serikali ya mji ilijenga maegesho ya magari 1,000 chini ya jengo. Wateja walikuja kwa treni na kwa miguu, na maegesho yakabaki na nafasi tele, hasara ikimwangukia mlipa kodi. Vienna wakaenda mbali zaidi. Duka la fanicha la IKEA lililofunguliwa mwaka 2021 kando ya stesheni ya Westbahnhof haina hata nafasi moja ya gari la mteja. Jengo limekwenda juu ghorofa kadhaa, lina miti ukutani na kwenye paa, na paa hilo liko wazi kwa yeyote anayetaka kupanda kupumzika.

Wapo wanaosema basi tuchimbe, magari yakae chini ya ardhi. Kuchimba ni ghali popote. Kwenye maeneo ya chini karibu na ziwa kuna maji pia ya kupigana nayo, na mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kupita viwango vyote vilivyowahi kupimwa, tuliona maji yanaweza kufika wapi. Gharama hiyo ingelipwa na mnunuzi wa unga.

Dhana: Huwezi kupanda matatu na kitanda

Kweli, huwezi. Lakini kitanda hununuliwa mara ngapi? Unga, mafuta, sabuni na sukari ndivyo vitu vya kila wiki, na vinaingia kwenye mfuko. Vienna mteja huondoka na vitu vidogo, vikubwa vikaletwa nyumbani kutoka ghalani. Sisi tumekuwa na usafiri wa namna hiyo siku zote: mkokoteni, pikapu ya kukodi, tuktuk, na boda anayefunga godoro nyuma na kufika nalo Manyatta salama. Tulichokosa ni pa kuwaweka. Dereva wa tuktuk anayesubiri wateja wa duka hufukuzwa kama mkosaji, ilhali yeye ndiye anayewafikishia wateja wa duka mizigo yao. Ningependa kaunti imdai mjenzi sehemu ya tuktuk na mikokoteni, yenye kivuli, kabla haijamdai nafasi hata moja ya gari dogo. Nafasi ya gari dogo huzibwa saa nzima na familia moja. Pale pale tuktuk zingepokezana kuchukua wateja kadhaa.

Dhana: Lazima liwe la ghorofa moja

Hapana. Mwaka 2012, Target ilifungua duka Chicago ndani ya jengo kongwe lililobuniwa na Louis Sullivan, bila kulibomoa. Vancouver, kwenye barabara ya Cambie, duka la vifaa vya ujenzi na supamaketi vimepangwa ndani ya jengo moja, na juu yake kuna nyumba za kuishi. Toroli nazo zina ngazi zake za umeme.

Dhana: Supamaketi itawamaliza wauzaji wadogo wote

Hapa sitaficha: wapo watakaoumia. Mwenye duka la jumla la sukari na mafuta anashindana na supamaketi ana kwa ana, na mara nyingi bei inamshinda. Lakini anayeuza omena, sukuma, ndizi au mitumba ana bidhaa na mapatano ambayo supamaketi haiyawezi. Soko la Kibuye hufurika kila Jumapili, na supamaketi ziko mjini miaka mingi.

Muuzaji mdogo humalizwa zaidi na umbali na uzio. Duka likihamia barabara kuu, wapita njia huhama nalo, na kule langoni askari hamruhusu mtu kutandaza ndizi. Duka likiwa mtaani, ghorofa ya chini inaweza kupewa kemia, fundi simu, M-Pesa na kinyozi, kila mmoja na mlango wake upande wa barabara, na lile kubwa likapanda juu. Ukuta mrefu usio na mlango ndio wa kupigwa marufuku.

Dhana: Kampuni kubwa ni ya kudumu

Nakuru na Kisumu tunajua zaidi. Supamaketi ya Nakumatt ilizaliwa Nakuru ikiuza magodoro, ikawa jitu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Tuskys, iliyotokea Rongai, haikuchelewa kuanguka. Ukwala, ya hapa hapa Kisumu, ilinunuliwa na Choppies ya Botswana, nayo Choppies ikafunga virago Kenya. Jengo lenye milango mingi hugawanywa vyumba, likapata wapangaji wapya mmoja mmoja. Boksi tupu lenye uwanja mbele humngoja jitu jingine.

Dhana: Malori ya mizigo hayatapata nafasi mtaani

Malori ya nyanya na viazi huingia sokoni alfajiri. La supamaketi linaweza kupangiwa saa hizo hizo, na mlango wa nyuma.

Dhana: Pembezoni ni nafuu

Ardhi ni nafuu kwa mwenye duka. Mteja anayetoka Kondele kwenda duka lililo upande wa pili wa mji hupanda matatu hadi katikati, akashuka, akapanda jingine. Hizo ni nauli mbili za kwenda na mbili za kurudi, na lile punguzo la shilingi kumi kwenye unga limeishia kwa kondakta.