Ekstasi ni nini, na inaua vipi?

Ekstasi ni jina la mtaani la MDMA, dawa ya kulevya iliyotengenezwa mara ya kwanza na wakemia wa kampuni ya Merck, Ujerumani, mwaka 1912. Umaarufu ilikuja kuupata mwishoni mwa miaka ya 1980, katika madansi ya usiku kucha Uingereza. Huuzwa kama kidonge cha rangi au unga.

Kidonge hiki huufanya ubongo umwage serotonini, kemikali inayoongoza hisia, nyingi kwa mkupuo. Mtu hujaa furaha, humpenda kila aliye karibu, na hasikii uchovu. Shida inaanzia hapohapo, kwa sababu uchovu ndio unaomwambia mchezaji akae chini. Joto la mwili hupanda, na ndani ya ukumbi uliosongamana linaweza kupita nyuzi 40. Misuli huanza kuvunjika, figo na ini hushindwa kazi.

Basi wachezaji wakaambiana: kunywa maji. Ushauri mzuri, ila nusu tu, maana MDMA huufanya mwili uzuie maji yasitoke. Novemba 1995, binti mmoja wa Essex, Uingereza, alimeza kidonge kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 18, kisha akanywa takriban lita 7 za maji kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Chumvi ya damu ilishuka, ubongo ukavimba. Alifariki siku chache baadaye.

Kuna na hila ya sokoni: kidonge kinachoitwa ekstasi huenda kikawa na PMA, sumu kali zaidi inayochelewa kupanda. Mtu anaona cha kwanza hakifanyi kazi, anaongeza cha pili.

Kwa sheria ya Uingereza, ekstasi iko kundi A, la dawa zinazohesabiwa hatari zaidi, pamoja na heroini na kokeini. Kukutwa nayo tu kifungo chake hufika miaka 7. Kusambaza, hadi maisha. Wengi hudhani msambazaji ni yule anayeuza. Sivyo. Ukimnunulia rafiki au kumgawia kimoja bure, mbele ya sheria umesambaza.

Mwenzako akianza kuwaka mwili, kuchanganyikiwa au kutetemeka, piga 999, namba ya dharura ya Uingereza, na uwaambie wahudumu wazi alichomeza, hata kama unaogopa polisi. Wasipojua ni nini, wanatibu kwa kubahatisha.