Pinchback wa Louisiana: Yasemwayo na Yaliyokuwa

Wengi waliowahi kusikia jina la Pinckney Benton Stewart Pinchback watakuambia kwamba ni mtumwa mweusi wa Marekani aliyechaguliwa kuwa gavana wa jimbo la Louisiana. Sentensi fupi, na makosa yamo mawili. Nayaandika haya kwa sababu makosa hayo, ingawa husemwa kwa nia ya kumsifu, yanamnyang'anya mtu huyu mambo aliyoyapigania hasa.

"Alizaliwa mtumwa"

Alizaliwa mwungwana, Mei 10, 1837, mjini Macon, Georgia. Mama yake, Eliza Stewart, ndiye aliyekuwa mtumwa. Bwana wake, mzungu mwenye shamba aitwaye William Pinchback, alizaa naye watoto, na alikwisha kumwacha huru kabla Pinckney hajazaliwa. Kwa sheria za majimbo ya Kusini mtoto alifuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru.

Lakini uhuru huo haukuwa na ukuta. Baba alipofariki mwaka 1848, jamaa zake wazungu waliwanyima Eliza na wanawe mirathi, na mama akahofu watoto wasije wakakamatwa na kutiwa utumwani. Akakimbilia nao Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ambako utumwa ulikuwa marufuku. Pinckney, kijana mdogo bado, akaingia kazini: kwanza uboi kwenye mashua za mfereji, kisha utumishi kwenye meli za mvuke za mto Mississippi, ambako alijifunza karata kwa wacheza kamari. Wanaopenda kumchora kama malaika hulificha hili. Sioni kwa nini.

"Alipanda kwa sababu alionekana mzungu"

Kweli, rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angeweza kuishi kama mzungu asiulizwe. Dada yake alimwandikia barua akimsihi afanye hivyo. Hakufanya. Mwaka 1862 alifika New Orleans, ambayo ilikuwa imekwisha kutekwa na majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaandikisha askari weusi na kuwa kapteni wao. Mwaka uliofuata alijiuzulu, kwa kuwa maofisa weusi walibaguliwa ndani ya jeshi lile lile walilolipigania. Mtu anayekimbia weusi wake hafuati njia hiyo.

"Wananchi walimchagua kuwa gavana"

Hapa ndipo kwenye kisa chenyewe. Pinchback alichaguliwa seneta wa jimbo mwaka 1868. Naibu gavana wa wakati huo, Oscar Dunn, naye alikuwa mweusi, wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Dunn alifariki ghafla Novemba 1871, na seneti ya jimbo ikampa Pinchback nafasi yake. Gavana alikuwa Henry Clay Warmoth, mzungu mzaliwa wa Illinois. Wote wawili walikuwa wa chama cha Republican, lakini walikuwa wameanza kuvutana.

Septemba 1872 wote walijikuta New York. Miswada ya uchaguzi ilikuwa ikisubiri saini huko Louisiana, na kwa sheria ya jimbo gavana akiwa nje, madaraka yalikuwa ya naibu wake. Pinchback akapanda treni kimya kimya kuelekea kusini, nia yake afike kwanza akatie saini. Warmoth alipopata habari, akamfukuzia. Usiku, treni ya Pinchback iliposimama Canton, Mississippi, akaambiwa kuna telegramu yake ofisini. Akashuka, akaingia, na mlango ukafungwa kwa ufunguo nyuma yake. Treni ikaenda zake. Warmoth akafika kwa treni maalumu, na mahasimu hao wawili wakaimalizia safari ya New Orleans pamoja.

Miezi mitatu baadaye meza ikapinduka. Desemba 9, 1872, baraza la wawakilishi la jimbo lilimfungulia Warmoth mashtaka ya kumwondoa madarakani. Katiba ya Louisiana ilimtaka gavana aliyeshtakiwa akae kando mpaka hukumu itoke, na hivyo Pinchback akawa gavana. Si kwa kura ya wananchi basi, bali kwa ngazi ya katiba.

"Alikuwa kaimu tu"

Warmoth angefurahi kusikia hivyo, maana alikataa kumtambua. Ila siku chache tu baadaye mwanasheria mkuu wa Marekani alipeleka telegramu New Orleans: Rais Ulysses Grant anamtambua Pinchback kuwa mtendaji halali wa Louisiana. Alikaa wiki tano, hadi Januari 13, 1873. Kesi ya Warmoth haikufika mwisho. Muhula wake uliisha kabla ya hukumu.

Ndiyo maana wanaosema Douglas Wilder wa Virginia ndiye gavana mweusi wa kwanza nao hukosea. Wilder, aliyeapishwa Januari 1990, ni wa kwanza *kuchaguliwa*. Kati yake na Pinchback ilipita miaka 117 bila gavana mweusi wa jimbo hata mmoja.

"Aliwahi kuwa seneta huko Washington"

Januari 1873 bunge la Louisiana lilimchagua awe seneta wa Marekani. Lakini uchaguzi wa jimbo wa 1872 ulikuwa na utata mzito, serikali mbili zikidai ushindi, na waliompinga walilishika jambo hilo. Akasubiri miaka mitatu huku suala lake likiahirishwa na kuahirishwa tena. Blanche Bruce, seneta mweusi wa Mississippi, alisimama Machi 1876 kumtetea. Siku chache baadaye Seneti ikapiga kura: 32 za kumkataa, 29 za kumkubali, na baadhi ya Republican wenzake walikuwa upande wa kumkataa.

Kisha Seneti hiyo hiyo ikaidhinisha alipwe mshahara na nauli ya miaka aliyosubiri, zaidi ya dola 16,000. Fedha akapewa. Kiti hakukikalia hata siku moja.