Kabla ya tochi kuna jicho

Dereva akipigwa tochi, kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo, hubishia namba. Kazi yangu ni usalama barabarani, na nadhani pa kubishia ni nyuma zaidi: tochi hupima gari ambalo askari amekwisha lichagua kwa macho, na upendeleo huingia hapo.

Chukua barabara ya Dodoma–Singida maeneo ya Bahi, tambarare na nyoofu. Gari linalokujia usoni halikuonyeshi mwendo, linakua tu umbo, na likiwa mita 300 huoni likikua. Basi kubwa huonekana linakuja taratibu kuliko gari dogo la mwendo uleule. Noah yenye ekzosi iliyotoboka husikika inakimbia hata ikiwa kwenye kilomita 45 kwa saa. Matokeo yake kelele ndiyo inayopigwa tochi, basi lililotulia kwenye 95 linapita, ilhali gari la zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni 80.

Kulifunza jicho, pima mita 100 kwa futi kamba, weka alama mbili, simama mbali kidogo uyaone magari yakikatiza mbele yako. Kwa 50 gari hutumia sekunde 7.2. Usipime mita 50: ukichelewa kubonyeza saa mwanzoni kwa sekunde 0.4 tu, gari la 50 utalisoma 56, wakati kwenye mita 100 kosa hilohilo linakupa 53. Haya ni mazoezi, si ya kumwandikia mtu faini.

Tochi nayo ina tabia zake. Tochi ya rada mawimbi yake hutanuka kadiri yanavyokwenda, hivyo gari dogo likifuatwa na semitrela, namba inaweza kuwa ya semitrela. Ya leza mwale wake ni mwembamba, ila ilengwe kwenye pleti namba na mkono utulie. Ikiteleza ubavuni mwa gari, kipimo kinaharibika. Anayelalamika kwamba askari alisimama pembeni mno hajitetei: kwa pembe ya digrii 20, gari la 60 husomeka 56.

Ningependa sana askari wapige kila gari la tano, liwe bovu au jipya, na waandike hata yale yasiyozidisha. Dereva naye, ukikamatwa kwa tochi ya leza, uliza umbali uliosomeka, kisha angalia kama pale gari lako lilikuwa peke yake. Na ukitoka kwenye 80 ya muda mrefu kuingia mji kama Kibaigwa, soma dashibodi, maana 50 utaihisi kama 30.