Pango Fupi Nalo Linaua

Nimechoka kuyasikia maneno haya: "Pango lenyewe fupi, mlango unauona, mtu atapotea vipi?" Safari hii yametoka kwa kijana hodari wa hapa Nungwi, Unguja, mtoto wa mvuvi, anayezama kwa pumzi zake kumfuata pweza na kupanda kama hakufanya kitu. Alikuja na rafiki yake mwenye cheti cha kuzamia bahari wazi. Walitaka niwaazime mitungi ya hewa na tochi, waingie kwenye shimo la mwamba chini ya maji walilolikuta wakivua. Nikawanyima, wakaondoka wananiita mchoyo. Nawajibu hapa, wao na kila atakayekuja na ombi hilo.

La kuwa wao ni hodari wa kuogelea nilimalize mapema. Mwaka 2018, watoto 12 na kocha wao waliponasa katika pango la Tham Luang kule Thailand, Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa kikosi maalumu na mwanamichezo wa kupigiwa mfano, alifariki akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Nguvu za mikono na miguu alikuwa nazo kuliko sisi sote.

Sasa huo mlango. Unauona kwa sababu uko nje na maji bado hayajaguswa. Ukishapita, mwanga unakuwa nyuma yako, na chini ya tumbo lako kuna tope laini la chokaa ambalo halijatikiswa siku nyingi. Pezi moja la mguuni likigusa chini, maji yanakuwa tui. Hata usipogusa, mapovu ya pumzi zako yanagonga dari na kuangusha uchafu uliogandia juu. Aliye mbele haoni ubaya wowote, maana maji ya mbele yake bado ni safi. Akigeuka ndipo anapokutana na alichokiacha. Tochi haimsaidii: mwanga unagonga chembe za tope na kumrudia machoni. Anapapasa ukuta akidhani utamfikisha mlangoni, kumbe ukuta umekata kona na kumwingiza kwenye kishimo cha pembeni. Pango la mita 10 linatosha kabisa kumzungusha mtu hadi hewa imwishie. Bahari wazi ukihamanika unapanda. Humu ukipanda unakutana na jiwe.

Na tafadhali, asije mtu kuniambia habari za hewa iliyokaa darini. Mara nyingi hewa hiyo ni pumzi zilizotolewa na waliopita, oksijeni imepungua na kaboni dioksidi imezidi. Usiutoe mdomo kwenye regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi.

Dawa ya tope ni kamba unayoitandaza ukiingia na kuifuata kwa mkono ukitoka. Mmarekani Sheck Exley, mzamiaji wa mapango, alichambua ajali moja baada ya nyingine katika miaka ya 1970 akaona makosa yaleyale yanajirudia: hakukuwa na kamba isiyokatika mpaka nje, hewa ya kutokea haikubakizwa ya kutosha, au watu walikwenda kina kisichowafaa. Wengi wananikubalia kuhusu kamba, kisha wanaifunga pasipofaa. Hapa ndipo ninapogombana na watu, wakiwemo wenye vyeti vikubwa kuliko changu. Wanaingia kwanza, wanaogelea mpaka pale giza linapoanza, ndipo wanafunga. Ukiwauliza wanasema, "Kabla ya hapo kulikuwa kunaonekana." Kulikuwa! Tope likitibuka, kipande hicho ambacho hakikuwa na kamba ndicho kitakachokuzuia ukiwa karibu kabisa na mlango. Fundo la kwanza lifungwe nje, mahali ambapo ukinyoosha macho juu hakuna kitu kati yako na uso wa maji. La pili lifungwe ndani kidogo ya mlango, ili la kwanza likifunguka bado uwe na kitu mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo hata waliofunga vizuri hulisahau. Kamba ikivutwa inatafuta njia ya mkato. Mmezunguka kona kwa nafasi pana, lakini kamba imekwenda kukaa ndani ya ufa unaopitisha mkono na haupitishi kifua wala mtungi. Mkiwa mnaona, mtacheka na kuizunguka. Mkiwa hamuoni, mtaifuata kwa uaminifu mpaka ndani ya ufa. Kwa hiyo kila kona ifungwe fundo, na kamba ipite pale ambapo mwili mzima utapita. Mwalimu asiyekufundisha hili hajakufundisha kamba.

Hewa nayo ina hesabu yake. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hewa kwa shinikizo la baa 200 una lita 2,200 hivi. Mtu mtulivu akivuta lita 20 kwa dakika juu, kwenye kina cha mita 20 atavuta 60, kwa sababu shinikizo huko ni mara tatu. Hiyo ni kama dakika 36 mpaka mtungi mtupu, na aliyehamanika huvuta maradufu au zaidi. Kanuni ni theluthi: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja haiguswi, ni ya mwenzio atakayeishiwa. Ukianza na 200, ukifika 134 geuka, hata kama mbele kunapendeza vipi.

Lakini kanuni hii inanipa wasiwasi huku kwetu. Imezoeleka sana katika chemchemi za Florida, Marekani, ambako maji yanatoka pangoni kwenda nje: unaingia kwa kupambana na mkondo, unatoka ukibebwa nao. Mashimo ya miamba yetu yanapumua na bahari. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita 4, na shimo lililokumeza kwa upole linaweza kukudai hewa mara mbili kulitoka. Hapo theluthi ya kutokea haitoshi. Mimi nawaambia wanafunzi wageuke wakishatumia robo tu, tena wakati maji yamesimama peke yake, hayajai wala hayapwi, ila sina ushahidi kwamba robo ndiyo namba sahihi. Jedwali la maji linatupa saa za bandarini, na shimo linaweza kuchelewa. Wenzangu wawili ninaowaheshimu wanasema mapango ya namna hiyo yasizamiwe kabisa, na kuna siku nawakubalia.

Kwenye midomo ya mapango mengi kule Florida pamewekwa kibao chenye picha ya kifo aliyevaa joho na kushika mundu, kinachosema wamekufa wazamiaji zaidi ya 300, wakiwemo walimu wa bahari wazi. Walimu, si wanagenzi. Cheti cha bahari wazi kinakufundisha kupanda ukipata shida, na pangoni hakuna pa kupanda.

Kijana wa Nungwi, kama unasoma, mlango wangu uko wazi. Njoo na mwenzio, bila miwani wala mapezi. Nitafunga kamba kwenye minazi nyuma ya banda la mitungi, nitawafunga macho kwa kitambaa, nanyi mtaifuata mkishikana, mmoja akiigiza kuwa hewa imemwishia, mpaka muweze kutoka bila kuachia kamba wala mwenzio. Mkishaweza hapo tutakwenda majini, kwenye maji ya kiuno. Mitungi tutaizungumza baadaye.