Mabaki ya tumbaku Tabora: sumu yake na bakteria wanaoimaliza

Msimu ukiisha Urambo, Sikonge na Kaliua, nje ya mabani (nyumba za kukaushia tumbaku) hubaki malundo ya mashina, majani mabovu na vumbi la tumbaku. Majibu haya ni kwa wanaoishi na kufanya kazi karibu na malundo hayo.

Tumbaku imeshakauka. Bado inadhuru?

Ndiyo. Nikotini, sumu ya tumbaku, haiishi kwa jani kukauka. Huyeyuka kwenye maji na kupenya ngozi, ndiyo maana mchumaji aliyelowa umande, au aliyebeba mabaki yaliyonyeshewa, huweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa saa chache baadaye. Ni rahisi kudhani ni malaria. Aache kazi, avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni na maji mengi, anywe maji. Akiendelea kutapika au akipumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho, na mhudumu aelezwe kuwa alishika tumbaku. Wajawazito na watoto wasiyaguse kabisa mabaki haya.

Nani huivunja sumu hiyo?

Bakteria wa udongoni, hasa wa mashamba yaliyolimwa tumbaku. Mmojawapo anaitwa Arthrobacter nicotinovorans, naye nikotini kwake ni chakula. Hatua ya kwanza ya kuivunja hufanywa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) chenye madini ya molibdeni na chuma. Molibdeni huchukua oksijeni kutoka kwenye maji na kuipachika kwenye pete (mduara wa atomi) ya nikotini. Chuma hupokea elektroni zinazotoka hapo na kuzipitisha mbele. Bila molibdeni kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Mashina magumu yana wavunjaji wengine: kuvu weupe tunaowaona kwenye magogo ya miombo, wenye vimeng'enya vya shaba, manganizi na chuma.

Na mwili wangu je?

Ini nalo hutumia chuma na molibdeni. Kimeng'enya chenye chuma huanza, kingine chenye molibdeni humalizia, nikotini ikageuka kotinini. Kiasi cha nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi. Lakini ukibaki na shati lililolowa, ngozi inaendelea kuingiza nyingine wakati ini linatoa.

Nitengenezeje mboji salama?

Vaa glavu za mpira, buti na shati la mikono mirefu. Chagua mahali penye kivuli, angalau mita 30 kutoka kisimani. Chini tandika mabua ya mahindi, unene wa shubiri moja, ili hewa ipite. Kisha panga tabaka: debe 1 la tumbaku iliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, madebe 2 ya nyasi kavu, debe 1 la samadi, na koleo 1 la udongo wa juu wa shamba la tumbaku, kwani humo ndimo wamo bakteria tunaowataka. Nyunyiza konzi 2 za majivu, kisha maji. Rudia mpaka lundo lifike mita 1 na nusu, upana vivyo hivyo.

Majivu yana kazi yake. Udongo wenye tindikali huishikilia molibdeni, bakteria wasiipate. Majivu hupunguza tindikali hiyo. Ukizidisha, utasikia harufu kali ya mkojo: hiyo ni naitrojeni inayopotea hewani.

Kamua konzi moja ya mboji. Itoke tone moja au mawili tu. Ikichuruzika, imezidi maji, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: hewa inakosekana, lundo linanuka kama yai viza, na nikotini inabaki. Baadhi ya hatua za mwisho za uvunjaji zinahitaji oksijeni ya hewa moja kwa moja. Funika kwa nyasi mvua ikinyesha.

Baada ya siku chache chomeka fito ya chuma katikati, ngoja dakika 5, uitoe. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika muda mrefu, lundo linafanya kazi. Joto zuri ni nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila wiki kwa wiki 5, baadaye kila wiki 2, mpaka miezi 3 itimie.

Nitupie misumari ili chuma kiongezeke?

Hapana. Bakteria wanahitaji madini kidogo mno, na samadi na udongo vinatosha. Msumari utakuchoma mguu tu.

Nitajuaje imeiva?

Panda mbegu 10 za mchicha kwenye kopo la mboji na 10 kwenye udongo wa kawaida. Kopo la mboji likiota kwa uchache au miche ikinyauka, iache mboji kwenye lundo wiki 3 zaidi, kisha jaribu tena.

Naweza kuiweka kwenye nyanya?

Usiiweke, wala kwenye pilipili, mbilingani au kitalu cha tumbaku. Virusi vya batobato ya tumbaku ni wagumu, huweza kuvuka salama pembezoni mwa lundo pasipopata joto, na mimea hiyo ni jamaa wa tumbaku. Peleka kwenye mahindi, au kwenye matuta ya viazi vitamu vya kufanyia michembe (vipande vya viazi vilivyokaushwa).