Tangi la samaki gorofa ya nne: slabu itabeba?

Wanaofuga samaki wa mapambo wameongezeka sana Nairobi, na wakinipigia simu swali huwa ni lile lile: "Injinia, nakaa gorofa ya nne, nataka kuweka tangi la futi nne sebuleni. Sakafu itabeba?" Mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Ila ndiyo hiyo ina masharti, na sharti lililo zito kuliko yote ni kujua jengo lako lilijengwaje.

Tuanze na uzito, maana wengi huupunja. Tangi ninalolikuta zaidi kwenye nyumba za watu lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Likijaa mpaka ukingoni ni lita 432, na kila lita ya maji ni kilo moja. Toa ile nafasi ya juu isiyojazwa, toa na inayochukuliwa na changarawe, utabaki na maji ya kilo 380 hivi. Kioo cha milimita 12 pande zote nne na chini kinaongeza kilo 85. Changarawe ya kina cha sentimita 5 ni kama kilo 60. Stendi ya chuma na mbao, kifuniko na kichujio, weka nyingine 60. Unakaribia kilo 600, na zote zimekaa mahali pasipofika hata mita moja ya mraba. Mawe ya mapambo sijayahesabu, na jiwe ni zito kuliko maji linayoyaondoa.

Sasa njoo kwenye slabu, yaani bamba la konkriti ambalo ndilo sakafu yako. Kwa miaka mingi wahandisi wa Kenya tumepiga hesabu kwa viwango vya Uingereza, na sakafu ya nyumba ya kuishi hupangiwa mzigo wa kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni karibu kilo 150, mbali na uzito wa slabu yenyewe, plasta na vigae. Mtu akisoma hivyo anashtuka, kwa sababu tangi lake peke yake linakandamiza zaidi ya kilo 800 kwa mita ya mraba, mara tano na zaidi ya kiwango. Hofu hiyo ina msingi, lakini hesabu haijaisha. Zile kilo 150 huhesabiwa kana kwamba zimetandazwa chumba kizima kwa wakati mmoja. Sebule ya mita 4 kwa 4 kwa hiyo imepangiwa kilo 2,400, na makochi, kabati la televisheni na wageni wote wa Krismasi kwa kawaida hawafiki huko. Tena slabu ya konkriti ya milimita 150 iliyofumwa nondo kwa urefu na kwa upana haiachii mzigo kile kipande kilicho chini ya tangi pekee. Vipande vya pembeni navyo husaidia kubeba.

Mahali unapoliweka tangi ni muhimu kuliko kilo zenyewe. Chukua slabu inayokwenda mita 4 kutoka boriti hadi boriti, yaani ile mihimili ya konkriti inayoishika slabu kwa chini. Tangi likikaa katikati, nguvu ya kuipinda slabu inakuwa ya juu kabisa. Lisogeze likae sambamba na boriti, mgongo wake ukigusa ukuta uliojengwa juu ya boriti hiyo, ili kitovu cha uzito kiwe sentimita 30 kutoka hapo. Kilo ni zile zile 600, lakini nguvu ya kupinda inashuka hadi kama asilimia 28 ya ile ya katikati. Hujatumia hata shilingi. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka tangi liwe katikati ya sebule, lionekane pande zote, huwa namkatalia kabla hajamaliza kueleza.

Shida ni kwamba si kila ukuta una boriti chini yake. Kuta nyingi za kugawa vyumba zimejengwa juu ya slabu tupu, na ukuta wa mawe wa inchi 6 wenye kimo cha kawaida una karibu kilo 800 kwa kila mita ya urefu. Ukilisukumia tangi kwenye ukuta wa namna hiyo, umeongeza mzigo pale pale palipokwisha kuelemewa. Kugonga ukuta kwa ngumi hakukuambii lolote. Njia ninayoipenda ni kushuka hadi maegesho ya magari chini ya jengo. Huko hakuna dari ya jipsamu wala rangi ya kuficha kitu: unaziona nguzo, unaziona boriti zinazounganisha nguzo hizo. Hesabu hatua kutoka nguzo ya pembeni au kutoka shimo la lifti, kisha panda ukahesabu hizo hizo kwenye nyumba yako. Kwa majengo mengi nguzo hupanda moja kwa moja hadi juu. Ukiona nguzo zimehama njiani kati ya maegesho na gorofa za kuishi, acha kubahatisha, tafuta michoro.

Kama slabu yako ni ya maxpan, yaani matofali matupu yaliyopangwa katikati ya mbavu za konkriti, urefu wa tangi ukate mbavu, usifuate ubavu mmoja. Kwa nyumba chache za zamani zenye sakafu ya mbao juu, kanuni ni hiyo hiyo kwa maboriti ya mbao, na huko mimi sikubali tangi la ukubwa huu bila kuona kilicho chini ya mbao.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba slabu uliyonayo ndiyo iliyochorwa. Nairobi hilo halina hakika, na ndilo linaloninyima usingizi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la gorofa sita lilianguka Huruma wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Hawakuwa na matangi ya samaki. Walikuwa kwenye nyumba walizozilipia kodi.

Nenda siku moja utazame slabu ikimwagwa. Asubuhi nondo zimefungwa vizuri, za chini zimeinuliwa kwa vijiwe ili konkriti ipite chini yake, za juu zimekaa kwenye viti vyake vya chuma juu ya boriti. Mhandisi anakagua, anatia sahihi, anaondoka. Kisha vijana wanaanza kupita na wilibaro na karai, mbio mbio, maana wanalipwa kwa kazi. Njia ya mbao ya kupitia haikuwekwa, kwa hiyo wanakanyaga nondo. Kufika saa saba, zile nondo za juu zimelala katikati ya slabu. Konkriti ikiwa nzito kumwaga, mtu anaongeza maji ndoo mbili, na uimara unaondoka na maji hayo. Wiki moja baadaye mbao na miti ya kushikilia vinatolewa ili vitumike gorofa inayofuata, ilhali nguvu tunayoihesabu ni ile konkriti inayofikisha kwa siku 28. Ukipiga plasta na kupaka rangi, hakuna anayeona kitu. Tunapochora huwa tunazidisha mzigo kwa 1.6 ili kuwe na akiba, na akiba hiyo mara nyingi imeliwa siku ile ile ya kumwaga. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu atumie "akiba ya mhandisi" kubebea tangi lake.

Nondo za juu zilizokanyagwa zinanileta kwenye baraza. Tafadhali, usiweke tangi kwenye baraza inayoning'inia, la samaki wala la maji ya matumizi. Sakafu ya sebuleni imeshikwa pande mbili au nne. Baraza imeshikwa upande mmoja tu, kama rula iliyotokeza nje ya meza, na kinachoizuia isikatike ni zile nondo za juu hasa, pale inapoungana na jengo. Zikishuka sentimita tatu au nne kwenye slabu ya milimita 150, sehemu kubwa ya nguvu yake imepotea, na baraza ya aina hii inaweza kukatika ghafla. Mgao wa maji umewafanya watu wengi wapandishe matangi ya plastiki ya lita 1,000 barazani. Hiyo ni tani moja, na huwekwa ukingoni kabisa ili pabaki nafasi ya kuanika nguo, mahali pabaya kuliko pote. Nikiona moja nikipita barabarani, huwa naingia kumtafuta keateka, yaani mwangalizi wa jengo.

Wengine huniambia, "Nimelijaza wiki iliyopita na hakuna kilichotokea." Sawa, lakini konkriti inayobeba mzigo usiotoka huendelea kulegea polepole kwa miaka. Mpindo wa mwisho unaweza kufika mara mbili au tatu ya ule wa siku ya kwanza. Wageni wa Krismasi wanarudi makwao. Tangi linabaki usiku na mchana. Kwa hiyo chunguza kwa muda. Omba ruhusa kwa jirani wa chini, piga picha dari yake kabla hujajaza maji, rudi baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Ufa mpya unaokwenda sambamba na tangi lako, alama za kutu, mlango wake ulioanza kukwama: lolote kati ya hayo, toa maji siku hiyo hiyo, kisha ndipo uulize.

Kwa jengo la konkriti lisilo na nyufa wala mbonyeo, tangi la lita 200 au chini halinisumbui, mradi liko kando ya ukuta. Kati ya 200 na 450, nataka ujue boriti iko wapi, na chini ya stendi utandike plaiwudi nene, kwa sababu miguu minne midogo hupasua vigae na stendi ikiinama kioo nacho hupasuka. Zaidi ya hapo, au popote penye dalili nilizotaja, mwite mhandisi aje na michoro, kifaa cha kutafuta nondo na nyundo ya kupimia konkriti. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi Kenya, ambayo iko wazi kwa umma, na umwombe majibu kwa maandishi. Mwenye nyumba naye apewe nakala kabla tangi halijapandishwa ngazi.