"Sana" ya Kiingereza si moja

Juzi mwanafunzi wangu wa jioni alinipa barua yake ya kuomba kazi niipitie. Mstari wa kwanza tu: "I am too interested in this position." Nikamuuliza alitaka kusema nini. "Kwamba kazi naitaka sana, mwalimu." Kumbe alichoandika ni kwamba anaitaka kupita kiasi, mpaka mwajiri aingie wasiwasi.

Simlaumu. "Sana" yetu haina makuu, inakaa na kivumishi, inakaa na kitenzi, inasifu na kulalamika. "Chai yako tamu sana" ni pongezi au ni kero, sauti ndiyo inayoamua. Kwenye Kiingereza, neno lenyewe ndilo linaloamua. "Very sweet" ni tamu sana, basi. "Too sweet" ni kwamba hainyweki. Hapo ndipo penye kipimo ninachowapa darasani: ukiweza kumalizia kwa hainyweki, halibebeki au hakaliki, weka "too". Usipoweza, "very" inakutosha. Msije mkategemea "mno", maana siku hizi tunasema "nimefurahi mno" na hakuna anayelalamika kuwa furaha imezidi.

Halafu "very" haipendi kukaa na kitenzi peke yake. Si "I very like pilau", ni "I like pilau very much". Na kwenye kulinganisha inapisha "much": "much better", si "very better".

Ila panaponinogea mimi ni hapa. Mgeni akikuambia amenunua shati "jeupe tii", utacheka. Weupe una pe, weusi una tii, na hakuna kanuni ya kumpa zaidi ya kwamba ndivyo walivyooana. Kiingereza nacho kina ndoa zake. Aliyelala fofofo ni "fast asleep", ingawa "fast" hapo haihusiani na mbio. Giza totoro ni "pitch dark". Aliyelowa chapachapa ni "soaking wet". Ukisema "very asleep", umevaa shati jeupe tii.

Vivumishi vingine vimeshameza "sana" tumboni. "Exhausted" ni kuchoka hoi, kwa hiyo "very exhausted" inasikika kama hoi sana. Mpe "absolutely" au "completely". Na "absolutely" usimpeleke kwa "tired", hawaelewani.

Neno linalonisumbua mpaka leo ni "quite". Mmarekani akisema chakula chako ni "quite good", mshukuru, amekisifia. Mwingereza akisema hivyo hivyo, mara nyingi anamaanisha si kibaya, kinalika. Lakini Mwingereza huyo huyo akisema "quite impossible", ni haiwezekani kabisa, usiendelee kubembeleza. Nikiikuta "quite good" kwenye kazi ya kutafsiri, kalamu naiweka chini kwanza, naangalia mwandishi ni mtu wa wapi.